Ini hupona vipi baada ya uvimbe kuchomwa?

Kama umewahi kukaanga maini, unajua yanavyogeuka: wekundu huisha, nyama ikawa ya kijivu na kukaza. Daktari anayetibu uvimbe wa saratani kwa joto hutafuta jambo hilo hilo, ila yeye huchoma sehemu ndogo tu, na mwenye ini yu hai.

Sindano ndefu hudungwa kupitia ngozini hadi kwenye uvimbe, huku daktari akitazama picha ya ultrasaundi au skani. Umeme wa mawimbi ya redio hupitishwa na nyama iliyo karibu na ncha hupata joto. Seli zikifika nyuzi 60 za Selsiasi hufa mara moja, kwani protini zake huganda mfano wa yai linalochemshwa. Joto likizidi 100 halisaidii. Nyama huwa makaa na kuuzuia umeme usisambae.

Mwaka wa 1990 watafiti wa Italia na wenzao wa California, Marekani, walieleza njia hii baada ya kuijaribu katika maini ya wanyama, wakiwemo nguruwe. Wanyama ndio waliotufunza yanayotokea sindano ikishatolewa, na hapo ndipo wagonjwa wengi hukosa maelezo.

Fahamu kwamba sehemu iliyochomwa haitolewi. Hubaki mwilini ikiwa imekufa, ukingo wake ukiwa mwekundu kwa damu. Siku za kwanza chembe nyeupe za damu humiminika hapo, kisha huja seli kubwa zinazomeza mabaki. Baada ya wiki kadhaa utando wa kovu huizingira, na nyama iliyokufa hunywea polepole kwa miezi mingi. Hata hadubini huweza kudanganya. Mwanzoni seli zilizochomwa huonekana nzima kwa kuwa joto limehifadhi umbo lake, hivyo watafiti hutumia rangi maalumu inayotambua seli iliyo hai.

Ini lina bahati, maana seli zilizosalia hugawanyika na kufidia zilizokufa. Figo sivyo. Vichujio vyake vikifa havizaliwi vingine, hubaki kovu.

Tatizo jingine ni mshipa mkubwa wa damu. Damu inayopita hupoza nyama iliyo kando yake, kama maji ya rejeta yanavyopoza injini. Katika maini ya nguruwe, seli hai zimepatikana zimeng'ang'ania kando ya mishipa hiyo. Zikiwa za saratani, uvimbe huota tena papo hapo.

Basi ukiona skani ya jamaa yako ina doa kubwa kuliko uvimbe wa awali, usishtuke. Daktari huchoma kwa makusudi milimita 5 hadi 10 zaidi kuuzunguka. Ukingo mwembamba unaolingana pande zote mara nyingi ni dalili ya kupona. Kinundu kinachojitokeza upande mmoja ndicho cha kuchunguzwa. Homa ndogo na uchovu kwa siku chache ni kawaida, lakini homa kali au isiyokoma huenda ikawa usaha ndani ya ini, na mgonjwa arudishwe hospitalini bila kungoja siku ya miadi. Kila anapokwenda kupigwa skani abebe picha za awali, hata kama anajihisi mzima, ili daktari alinganishe ukubwa wa doa.