Mbwa Mkubwa wa Ulinzi au Kijibwa: Yupi Anafaa Nyumba ya Garissa?

Mtu anayehamia Garissa, Wajir au Mandera, awe mwalimu, mfanyabiashara au mtumishi wa serikali, huwaza mambo mawili mapema: maji na usalama. Wa kwanza humtafutia muuza maji mwenye mkokoteni wa punda. Wa pili huuliza habari za mbwa. Je, anunue mbwa mkubwa wa ulinzi kama Rottweiler au mbwa wa Kijerumani, au kijibwa kama Chihuahua au Maltese ambacho hakili sana na hakitishi wageni?

Swali hili huulizwa kana kwamba ni la pesa na fahari tu. Leo tulitazame kwa jicho la afya. Utaona kwamba ukubwa wa mbwa si jambo la kwanza la kupima.

Kichaa cha mbwa hakichagui ukubwa

Watu wengi humwogopa mbwa mkubwa na kumdharau mdogo. Kwa ugonjwa wa kichaa cha mbwa, fikira hiyo ni hatari. Virusi vyake hukaa katika mate. Jino la kijibwa cha kilo 3 huviingiza mwilini sawasawa na jino la mbwa wa kilo 45. Hata mkwaruzo uliolambwa na mbwa mgonjwa unatosha.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, takriban 40 kwa kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili huchelewa, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu. Zikishaanza, yaani hofu ya maji, kuweweseka na kupooza, mgonjwa karibu daima hufa. Ndiyo maana Kenya ilizindua mpango mwaka wa 2014 wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030, na nguzo yake kubwa ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100.

Katika Kaskazini Mashariki kuna jambo la kuongeza. Mbwa anayezurura pembeni mwa mji, hasa karibu na jaa la taka au kichinjio, hukutana na mbwa koko, mbweha na fisi. Wanyama hao wote wanaweza kubeba kichaa. Mbwa wako akilala nje ya lango usiku, hujui asubuhi anarudi na nini.

Mpime mtoto kabla ya kumpima mbwa

Mbwa wengi wanaouma watu si wageni. Ni mbwa wa nyumbani au wa jirani. Mtoto wa miaka 3 au 4 akisimama, uso wake uko karibu sawa na mdomo wa mbwa mkubwa, kwa hiyo huumwa kichwani, usoni na shingoni. Majeraha ya sehemu hizo ni mabaya zaidi kwa sababu yako karibu na ubongo, na kichaa kinaweza kufika upesi. Taya za mbwa mkubwa pia huvunja mfupa na kupasua mshipa.

Kijibwa nacho si mwanasesere. Mtoto humkumbatia, humvuta mkia na kumlaza kitandani. Kikichoka, huuma mdomo au shavu. Tundu dogo la jino huonekana si kitu, kumbe limeingia ndani na kujifunga na uchafu wake. Hapo usaha na pepopunda hupata nafasi.

Kwa hiyo, nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 isimweke mbwa mkubwa wa ulinzi bila kibanda chenye mlango unaofungwa, na kijibwa kisiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja.

Joto na maji

Garissa iko bondeni kwenye Mto Tana, na mwezi wa Februari na Machi joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Vijibwa vyenye pua iliyobonyea, kama Pug na Shih Tzu, huhema kwa shida, na joto linaweza kuwaua mchana mmoja tu. Mbwa wakubwa wenye manyoya mazito nao huteseka.

Hesabu na maji. Mbwa huhitaji kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Mbwa wa kilo 40 atakunywa lita 2 na zaidi. Kijibwa cha kilo 3 hakimalizi robo lita. Nyumba inayonunua maji kwa mtungi ijiulize swali hili wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua.

Majirani na dini

Wakazi wengi wa eneo hili ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambapo mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wanazuoni huruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa kulinda shamba; mbwa wa kuchezea ndani ya nyumba ni habari nyingine. Ajabu ni kwamba hapa kijibwa, ambacho wengi hukiona chepesi, ndicho kizito zaidi. Kinapita kwenye mikeka, vyombo na nguo za kuswalia, ilhali mbwa wa ulinzi ana kibanda chake uani. Kwa hukumu yenyewe, muulize sheikh wako.

Hata kama wewe si Mwislamu, jirani yako ana haki ya kupita bila kuguswa na mbwa. Watoto huenda duksi alfajiri, saa ambayo mbwa wengi wa ulinzi bado wamefunguliwa. Mfunge wako kabla ya adhana ya kwanza. Mbwa hamjui mwizi na mtoto anayefuata mpira wake uani.

Minyoo

Mbwa anayelishwa matumbo, maini na mapafu mabichi ya kondoo au mbuzi huweza kupata tegu mdogo wa milimita chache tu. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakaingia kinywani mwa binadamu kwa mikono michafu, na baada ya miaka huota mifuko ya maji kwenye ini au mapafu. Turkana ilijulikana sana kwa ugonjwa huo, hata kampeni maalumu ikaanzishwa huko miaka ya 1980. Garissa ni mji wa soko kubwa la mifugo, na nyama ya mbwa hupatikana kwa urahisi. Ichemshe kwanza. Muulize daktari wa mifugo ratiba ya dawa ya minyoo, na wafundishe watoto kunawa mikono kila wanapomgusa mbwa.

Basi nimchague yupi?

Ikiwa una ua wenye ukuta na lango, kivuli, maji ya kutosha na mtu mzima wa kumfundisha, mbwa mkubwa anaweza kukufaa. Ikiwa unakaa katika vyumba vya kupanga na unataka tu kuamshwa usiku, mbwa mdogo hubweka sawa na mkubwa, na mara nyingi kubweka ndiko kunakomfukuza mwizi. Lakini epuka wenye pua fupi. Wengi wangefaidika na mbwa wa kienyeji wa ukubwa wa kati: manyoya yake ni mafupi, amezoea jua, na hula kwa kiasi.

Mbwa yeyote achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka, na cheti kihifadhiwe. Ukimnunua Nairobi, dai cheti hicho kabla ya kumsafirisha kilomita zaidi ya 350. Kama huwezi kumpeleka kwa daktari wa mifugo kila mwaka, usimchukue. Taa mlangoni, kufuli imara na bawabu vitakulinda bila kuhatarisha mtoto wa mtu.

Ukiumwa, fanya hivi

1. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni dogo. Maji haya usiyaonee uchoyo; ndiyo dawa ya kwanza.

2. Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Usifunge jeraha kwa kulibana.

3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama zahanati ya karibu haina chanjo, uliza inapopatikana na uende, usingoje dalili. Jeraha baya huhitaji pia dawa ya kinga inayodungwa kwenye jeraha lenyewe.

4. Maliza sindano zote kwa tarehe ulizopewa, hata ukijisikia mzima.

5. Mbwa akijulikana, afungwe na kuangaliwa siku 10, na afisa wa mifugo aarifiwe. Usimwue na kumtupa. Lakini usichelewe kuanza chanjo eti unangoja siku hizo ziishe.

Louis Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza dhidi ya kichaa cha mbwa mwaka wa 1885, na mtoto huyo akapona. Tangu hapo, kinga ipo kwa kila anayefika hospitali mapema. Kabla hujalipia mbwa, mkubwa au mdogo, jua kwanza ni wapi utamchanja yeye, na ni wapi utamkimbiza mtoto.