Ukubwa na Mahali pa Picha katika Kurasa za Wavuti

Mtumiaji wa intaneti hulipia kila picha inayofunguka katika simu yake, hata ile ambayo hakuiomba. Kwa sababu hiyo tumetenga nafasi katika kijitabu hiki kwa jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la mafundi peke yao.

Tuchukue mfano wa Malambo, kata ya wafugaji katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha. Tuseme kikundi cha akina mama wanaouza mapambo ya shanga kimemlipa fundi ili akitengenezee tovuti, na kijana wa hapo anataka kuweka picha ya mlima Ol Doinyo Lengai katika makala ya Wikipedia ya Kiswahili. Kwa macho kazi hizi zinafanana. Kwa gharama ya msomaji hazifanani hata kidogo.

Simu nyingi za sasa hupiga picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani pikseli milioni 12, na faili lake huwa na megabaiti kadhaa. Kwa ukurasa unaosomwa katika simu, picha ya pikseli 800 kwa 600 kwa kawaida hutosha. Hiyo ina pikseli 480,000 tu, sehemu moja katika 25 ya ile ya kwanza.

Mtego uko hapa. Fundi anaweza kuweka faili zima katika tovuti, kisha akaagiza kivinjari kilionyeshe kwa upana wa pikseli 250. Bangili itaonekana ndogo na nadhifu, lakini simu ya mteja imekwisha kupakua faili zima. Amri ile imebadili mwonekano, haikubadili uzito. Picha 12 za megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 48. Zingepunguzwa kabla ya kupandishwa hadi kilobaiti 150 kila moja, zote pamoja zingekuwa chini ya megabaiti 2. Mteja ambaye kifurushi chake kimekwisha kabla hajaona bei hamlaumu fundi, ambaye hamjui; huilaumu kampuni ya simu, au huondoka kimya.

Wikipedia hufanya kazi kwa namna nyingine. Kijana wetu ataandika hivi:

[[Picha:Jina la faili.jpg|thumb|left|250px|Maelezo ya picha]]

Seva yenyewe hutengeneza nakala ndogo ya picha na kumpelekea msomaji nakala hiyo. Faili la asili hubaki likimsubiri anayelitaka. Neno la pili huagiza picha iwekwe katika fremu pamoja na maelezo yake, la tatu huipeleka kushoto, na namba huweka upana. Sisi tunapendelea namba hiyo iachwe. Mfumo una upana wake wa kawaida, na msomaji aliyejiandikisha anaweza kujichagulia upana unaomfaa. Ukiandika pikseli, unafuta chaguo lake. Picha ya wima ndiyo inayohitaji uangalifu, maana upana ule ule huifanya iwe ndefu na kuyasukuma maandishi mbali. Hiyo iongezewe neno «upright» ili ipungue.

Kuhusu mahali, picha ya fremu isiyoelekezwa popote hukaa kulia. Hata hivyo, katika kioo chembamba cha simu, picha za pembeni kwa kawaida hutolewa ubavuni na kuwekwa katikati ya aya. Basi usiandike «mlima unaoonekana kulia»: msomaji wa Malambo huenda akautafuta asiuone. Taja mlima kwa jina, na uweke picha karibu na aya inayouzungumzia.

Katika tovuti ya biashara, fundi aagizwe pia aandike upana na urefu wa kila picha, ili kivinjari kiitengee nafasi mapema. Asipofanya hivyo, picha inayochelewa husukuma kila kilicho chini yake, na kidole kilichokusudia «Rudi» huangukia «Lipa». Upana usipite ule wa kioo, mtu asilazimike kuuburuta ukurasa kushoto na kulia ili asome bei.

Kabla ya malipo ya mwisho, kikundi kifungue tovuti kwa simu ya kawaida, kwa mtandao wa simu wa hapo hapo kijijini, wala si kwa kompyuta ya fundi mjini. Bonyeza picha moja kwa muda, ihifadhi, kisha tazama ukubwa wa faili lake. Ikiwa picha ya upana wa vidole viwili ina megabaiti 4, kazi haijakwisha. Ni vyema sharti hilo liandikwe katika makubaliano tangu mwanzo, pamoja na kikomo cha kilobaiti kwa kila picha.