Kumwachisha Mtoto Chupa ya Usiku

Katika mafundisho ya wazazi twanena mara nyingi juu ya adabu ya watoto, lakini kwa nadra twanena juu ya malezi ya mtoto ambaye bado hajaweza kusema vema. Mwezi huu twataka kufundishana juu ya chupa ya maziwa anayopewa mtoto kitandani ili apate usingizi. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna afya ya mtoto na amani ya nyumba.

Hapa kwetu Kinyala, na katika Rungwe yote, maziwa si kitu kigeni. Wazee wetu walifuga ng'ombe na kupanda migomba, na mtoto alitoka ziwani kwa mama akaingia katika maziwa ya ng'ombe na ndizi. Chupa yenye chuchu ya mpira ililetwa na maduka. Hatuilaumu, maana imewafaa watoto waliokosa ziwa la mama. Lakini kitu kilichofaa kwa mtoto mchanga hakimfai siku zote mtoto aliyekwisha kutembea.

Kwanza tuseme ni mtoto gani tunayemnena. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mtoto anyonye ziwa la mama tu kwa miezi 6, kisha apewe chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Basi mafundisho haya si ya kumnyima mtoto ziwa la mama, wala si ya mtoto asiyetimiza mwaka. Twanena juu ya chupa, ambayo waganga wa watoto hushauri iachwe kati ya miezi 12 na 18.

Kwa nini iachwe? Sababu ya kwanza ni meno. Mtoto alalapo mate hupungua kinywani, na maziwa hubaki juu ya meno. Vijidudu vya kinywani hula sukari ya maziwa na kutoa ukali unaoyatoboa meno. Hatari huzidi chupa ikitiwa chai ya sukari, kama wafanyavyo wengine wakati wa baridi. Wako wasemao kwamba meno ya utotoni hung'oka, basi yakioza si neno. Lakini meno hayo 20 ndiyo anayotafunia chakula kwa miaka mingi, tena huyashikia nafasi meno yatakayofuata.

Sababu ya pili ni chakula. Mtoto anayeshiba maziwa usiku hana njaa ya maharage na mboga mchana. Maziwa ya ng'ombe yana madini machache ya chuma, na mtoto anayekunywa mengi kupita kiasi hupungukiwa na damu. Sababu ya tatu ni usafi: chuchu na shingo ya chupa ni vigumu kuoshwa, bali kikombe huoshwa upesi.

Lakini tusikimbilie kuitupa chupa. Wako watu wampakao mtoto shubiri au pilipili kwenye chuchu, na wengine humpeleka ghafula kwa bibi yake ili asahau. Katika mwaka 1933 mganga Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika juu ya ugonjwa wa watoto wenye kuvimba miguu, na baadaye akautaja kwa jina la wenyeji, kwashakoo. Jina hilo, katika lugha ya Waga, ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake alipozaliwa. Watoto wale waliachishwa ziwa wakapewa uji wa mahindi usio na kitu cha kuujenga mwili. Tujifunze hapa kwamba tukimwondolea mtoto kitu, hatuna budi kumpa kingine kilicho bora.

Basi tufuate njia hii.

1. Tuchague wakati. Haifai kuanza mtoto akiwa mgonjwa, wala nyumba ikihama, wala mdogo wake akiwa amezaliwa juzi.

2. Tuanze na chupa za mchana. Mtoto apewe maziwa yaliyochemshwa katika kikombe kidogo, akiwa amekaa pamoja na wengine. Chupa ya usiku iwe ya mwisho kuachwa.

3. Chakula cha jioni kiwe cha kushibisha: ndizi zilizopondwa pamoja na maharage, au viazi na karanga zilizosagwa, au parachichi, ambalo kwetu halikosekani. Maziwa yake ayanywe wakati huo kwa kikombe, kisha meno yasafishwe.

4. Maziwa ya chupa yapunguzwe kidogo kidogo, vijiko vichache kila baada ya siku mbili tatu, mpaka yaishe. Akiona kiu usiku, apewe maji safi kikombeni.

5. Kilichoondolewa kijazwe. Mara nyingi mtoto hatafuti maziwa, bali hutafuta mtu. Apakatwe, aimbiwe, apigwe mgongo taratibu, na mambo haya yafuatane vivyo hivyo kila jioni. Nchi yetu ni ya baridi. Mtoto aliyefunikwa vema hulala upesi.

6. Watu wa nyumbani wawe na neno moja. Mama akikataa na bibi akatoa chupa kwa siri, mtoto hujifunza kulia zaidi. Baba naye asiseme hii ni kazi ya wanawake. Mara nyingi mtoto hutulia upesi mikononi mwa baba, kwa kuwa kwake hakuzoea chupa.

Akilia, asipigwe wala asichekwe. Tukae karibu naye. Usiku wa kwanza huwa mrefu, na ule wa pili pia; watoto wengine huzoea kwa siku chache, wengine kwa majuma. Lakini akikonda, akivimba miguu au akikataa chakula, apelekwe zahanati pamoja na kadi yake.

Wasomaji wa Biblia wakumbuke kwamba Ibrahimu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa ziwa (Mwanzo 21). Siku ile ilikuwa ya furaha, wala haikuwa ya kumwadhibu mtoto. Nasi tuifanye hivyo.

Maswali ya kuulizana katika mkutano wa wazazi:

1. Kwa nini maziwa ya kitandani huharibu meno kuliko maziwa ya mezani?
2. Jina la kwashakoo latufundisha nini?
3. Katika nyumba yako, ni nani atakayekaa na mtoto usiku wa kwanza?