Makala, Petroli na Majira ya Kesho

Njia itokayo Lubumbashi kuelekea Luapula hufika Kasomeno, na hapo hugawanyika: moja yaenda Kasenga, nyingine Pweto. Katika njia za namna hii zinazolisha mji, magunia ya makala huonekana yakipita juu ya baiskeli na malori. Jioni makala hayo huwashwa katika mbabula za Lubumbashi, na watoto hupata bukari yao. Moto ukizimika, hubaki majivu kidogo tu. Je, sehemu kubwa ya gunia imekwenda wapi? Jibu la swali hili ndilo mwanzo wa kufahamu jinsi wanadamu wanavyotengeneza majira watakayoishi wajukuu wao.

1. Mti hujengwa kwa hewa

Majani ya mti huvuta hewa ukaa, na kwa nguvu ya jua huigeuza, pamoja na maji, kuwa shina, matawi na mizizi. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni iliyotoka hewani. Mchoma makala hupanga magogo, huyafunika kwa udongo, na kuyaacha yaungue polepole kwa siku nyingi. Katika tanuru ya namna hiyo, kilo 10 za kuni kavu huzaa kwa kawaida kilo 1 au 2 za makala. Zilizobaki huondoka na moshi. Makala nayo yakiungua katika mbabula, kaboni yake hurudi hewani. Basi gunia halikupotea. Limekuwa hewa tena.

2. Deni la namna mbili

Inafaa kupambanua madeni mawili. La kwanza ni deni la msitu. Visiki vingi vya miombo huchipuka vikikatwa vikiwa hai. Vikiachwa vikue, miti michanga huvuta tena hewa ukaa ile, na deni hulipwa kwa muda wa miaka mingi. Lakini visiki vikingʼolewa, au moto wa pori ukiua machipukizi kila mwaka, deni hubaki. Jambo hili lilipimwa Ndola, katika Zambia ya leo, kuanzia miaka ya 1930. Viwanja vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa, viligeuka kuwa mbuga ya majani. Vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vilibaki na miti.

La pili ni deni la petroli, mazutu na makaa ya mawe. Kaboni yake ilizikwa ardhini mamilioni ya miaka. Ikichomwa, hakuna kisiki cha kuchipuka. Sehemu yake humezwa na bahari na misitu, na sehemu nyingine hukaa hewani hata maelfu ya miaka.

3. Vipimo vyasema nini?

Hewa ukaa huzuia joto la dunia lisitoke upesi, mfano wa blanketi. Mtaalamu Svante Arrhenius wa Sweden alilipigia hesabu jambo hilo tangu mwaka 1896. Kabla ya viwanda vikubwa, katika kila sehemu milioni za hewa zilikuwamo karibu 280 za hewa ukaa. Upimaji ulipoanzishwa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa karibu 315. Sasa zimepita 420, na dunia imeongezeka joto kwa zaidi ya digrii 1.

Kila digrii huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi, karibu sehemu 7 katika 100. Kwa hiyo mvua ikinyesha huweza kunyesha kwa ukali na kuchukua udongo; jua likiwaka, shamba hukauka upesi zaidi. Mkulima angojeaye mvua ili apande mahindi hupata hasara pande zote mbili.

4. Deni ni la nani?

Si haki kumtwika mbeba makala deni la dunia nzima. Kwa wastani, Mkongomani mmoja hutoa kwa mwaka chini ya sehemu moja ya kumi ya tani ya hewa ukaa kutoka katika petroli na makaa ya mawe. Wastani wa mtu duniani wapita tani 4. Waliochoma zaidi ndio wenye deni kubwa. Hata hivyo, Kongo ina sehemu yake, nayo hutoka hasa katika misitu iliyoangushwa. Wakubwa nao wana uchaguzi: maji ya Lufira yametoa umeme Mwadingusha tangu 1930 kwa ajili ya migodi, lakini nyumba nyingi za Lubumbashi hupika bado kwa makala.

5. Njia mbili za kesho

Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza njia kadhaa. Watu wakipunguza upesi sana kuchoma, joto mwishoni mwa karne hii litakuwa limezidi lile la kale kwa digrii kama 1.4. Wakizidi kuchoma bila kiasi, litazidi kwa digrii kama 4.4. Mtoto azaliwaye leo Kasomeno atakuwa mzee wakati huo. Ataishi katika dunia ya njia moja au nyingine, naye hakuichagua. Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba hali ya hewa ni mali ya wote. Basi hakuna aruhusiwaye kuiharibu kana kwamba ni yake peke yake.

Mwenye msitu na aache visiki vichipuke, achome nyasi mapema, akaushe kuni kabla ya kuzitia tanuruni. Mpishi na aloweke maharagwe, afunike sufuria. Mwenye mamlaka na alete umeme majumbani. Mwenye viwanda vikubwa na apunguze deni lake kwanza.

Maswali ya kukumbuka

Makala yakiungua huenda wapi? Kaboni yake hurudi hewani, ikawa hewa ukaa.

Deni la msitu hulipwaje? Kwa kuacha miti ikue tena.

Kwa nini deni la petroli ni zito zaidi? Kwa sababu kilichochomwa hakichipuki.

Je, majira ya kesho yamekwisha kuamuliwa? La. Sehemu kubwa yataamuliwa na yale yatakayochomwa, na yale yatakayoachwa.