Maji ya Sindano: Hupimwa Bila Kufunguliwa

Mgonjwa wa Nyololo anapoandikiwa sindano ya dawa ya unga, kama vile seftriaksoni, mara nyingi huhitaji vichupa viwili: kimoja cha unga na kingine cha maji ya kuchanganyia. Wengi huona kuwa dawa ni ule unga, na maji ni maji tu. Katika somo hili tunaeleza kwa nini maji hayo nayo ni dawa, jinsi yanavyolindwa kiwandani, na wajibu ulio mikononi mwako.

Kwa nini maji yaliyochemshwa hayafai?

Maji ya bomba au ya chemchemi yakichemshwa vizuri hufaa kunywa, kwa sababu tumbo lina kinga zake. Sindano huzipita kinga hizo na kuifikisha dawa moja kwa moja mwilini. Aidha, bakteria wakifa, mabaki ya miili yao hubaki majini. Mwaka 1923 mtafiti wa Marekani, Florence Seibert, alionyesha kuwa homa zilizowapata wagonjwa baada ya sindano zilitokana na sumu za bakteria zilizokuwamo katika maji. Ili kuziangamiza sumu hizo katika vyombo vya kioo, viwanda huvipasha joto kavu la nyuzi 250 za Selsiasi kwa dakika 30. Birika halifiki huko. Katika nyanda za juu kama zetu, maji huchemka hata kabla ya kufika nyuzi 100.

Maji hulindwaje kiwandani?

Pipa la maji likikaa siku nyingi bila kusuguliwa, ukipitisha kidole ndani yake utahisi utelezi. Huo ni utando wa vijidudu, na bomba la kiwanda laweza kuota utando kama huo. Kwa sababu hiyo, maji ya sindano yakishakenekwa huhifadhiwa katika tangi la chuma kisichoshika kutu, kwa kawaida yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 70, na huzungushwa katika mabomba usiku na mchana. Maji yanayokwenda kasi huwanyima bakteria nafasi ya kujishikiza. Kasi ikishuka, hatari huongezeka; basi lazima kasi hiyo ijulikane wakati wote.

Kupima bila kukata bomba

Kipimo chenye gurudumu ndani ya bomba huongeza viungo na pembe ambamo uchafu waweza kujificha. Kukifunga au kukitengeneza ni lazima bomba lifunguliwe, kisha mfumo usafishwe upya. Njia nyingine ni kufunga vihisi viwili nje ya bomba. Vihisi hivyo hupelekeana mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Kama mtumbwi unaoshuka na mkondo unavyofika mapema kuliko unaoupanda, ndivyo sauti inayofuata maji inavyotangulia ile inayoyakabili. Tofauti ya muda kati ya safari hizo mbili ndiyo inayoonyesha kasi ya maji.

Mfano: bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5, maji yakienda mita 1.5 kwa sekunde, hupitisha takriban lita 3 kila sekunde. Kipimo kikionyesha lita 1 tu, kasi imeshuka hadi nusu mita kwa sekunde, na fundi anapaswa kutafuta sababu mara moja.

Hata hivyo, kifaa hiki kina mipaka yake. Mapovu ya hewa hukipotosha, vivyo hivyo kukifunga karibu mno na kona ya bomba, na lazima kihakikiwe mara kwa mara. Zaidi ya hayo, hupima mwendo tu, hakioni bakteria. Kwa hiyo sampuli za maji hupimwa pia maabara. Katika mililita 100 za maji yanayozunguka mabombani, makundi ya bakteria yanayoota hayapaswi kuzidi 10, na bado maji hayo husafishwa tena kabla ya kumfikia mgonjwa.

Wajibu wako

1. Kagua kichupa cha maji: kiwe kizima, kisicho na ufa, maji yawe maangavu, lebo isomeke, na tarehe ya mwisho wa matumizi iwe haijapita.
2. Usikubali unga uchanganywe na maji ya bomba, ya kunywa ya chupa, au yaliyochemshwa.
3. Kichanganyio kiwe kile alichoelekeza mtaalamu. Seftriaksoni, kwa mfano, haichanganywi na dripu ya Ringer lakteti, kwa kuwa ina kalsiamu.
4. Kichupa cha maji kisicho na kihifadhi kikishafunguliwa, maji yanayobaki yatupwe. Yasiwekwe kwa ajili ya dozi ya kesho.
5. Sindano ichomwe na mtaalamu katika kituo cha afya.
6. Ukipata homa ya ghafla, kutetemeka au shida ya kupumua baada ya sindano, rudi kituoni mara moja. Tunza kichupa na namba yake ya toleo, na omba taarifa ifikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Kumbuka: kiwandani maji haya hupimwa kwa njia isiyofungua bomba, ili uchafu usipate pa kuingilia. Kazi hiyo yote hupotea pale kichupa kinapofunguliwa kabla ya wakati, au maji yake yanapobadilishwa na ya birika ili kuokoa shilingi chache.