Tuzo kwa Sanaa ya Kuficha: Bwana Msa, Metal Gear na Msomaji wa Mpakani

Utangulizi

Hadithi za upelelezi na za kunyemelea mara nyingi huwekwa katika kapu la fasihi pendwa na kuachwa humo bila kuchambuliwa kwa kina. Makala haya yanapinga mazoea hayo kwa kulinganisha mifululizo miwili iliyopata tuzo na sifa: riwaya za Bwana Msa na michezo ya video ya Metal Gear. Aidha, yanamkusudia hasa msomaji wa Burumba mjini Busia, au wa Malaba, ambaye kwake njia za panya si sitiari tu.

Tuzo na sifa

Mohamed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishika nafasi ya kwanza katika shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957/58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau. Mswada wake ulichapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Mfululizo uliendelea kwa kazi kama Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na Kosa la Bwana Msa (1984). Wahakiki wameusifu kwa kumleta mpelelezi anayetumia mantiki mbele ya hofu ya mizimu. Hata hivyo, wapo wanaohoji deni lake kwa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle.

Kwa upande mwingine, Metal Gear ulitolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 1987, chini ya usanifu wa Hideo Kojima. Ndani yake mchezaji hufaulu kwa kunyata na kuwakwepa walinzi kuliko kwa kupigana. Mwaka 2020, taasisi ya BAFTA ya Uingereza ilimtunuku Kojima heshima yake ya juu kabisa.

Nani anajua nini?

Kinachoziunganisha kazi hizi ni ugawaji wa ujuzi. Bwana Msa huona mapema asichokiona rafiki yake Najum, naye msomaji husimama upande wa Najum, akisubiri kufumbuliwa. Katika Metal Gear hali hugeuka: mchezaji anajua mlinzi aliko, ilhali mlinzi hajui kwamba anatazamwa. Taharuki ya kwanza huzaliwa na kutojua; ya pili huzaliwa na kujua na kuhofia kujulikana.

Mpakani, pande hizi mbili hukutana. Busia hutajwa kuwa chimbuko la neno bodaboda, kutokana na baiskeli zilizovusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Katika masimulizi ya magendo, mvushaji anaijua njia lakini haijui doria. Askari anaijua doria lakini haijui njia. Msimulizi akimpa mmoja wao ujuzi wote, hadithi hugeuka kuwa mahubiri dhidi ya magendo au kuwa sifa kwa mvunja sheria.

Hitimisho

Tuzo ya 1957/58 ilitolewa kwa mswada mmoja. Haikuzithibitisha riwaya zilizofuata. Kadhalika, heshima aliyopewa Kojima haimwondolei mhakiki wajibu wa kuupima kila mchezo peke yake. Waamuzi wa mashindano wakitazama uzito wa mada pekee, hadithi ya mvushaji wa Busia itakataliwa kabla ya kusomwa, na mwandishi wake ataiacha. Inafaa wapime pia jinsi siri inavyofichwa na kufunuliwa.

Mwanafunzi anaweza kulijaribu jambo hili kwa zoezi dogo: asimulie tukio moja la kuvuka mpaka usiku mara mbili, kwanza kwa jicho la mvushaji, kisha kwa jicho la askari. Baada ya hapo aorodheshe kila jambo alilolazimika kulificha katika simulizi ya kwanza na kulifichua katika ya pili.