HASIRA KATIKA KAULI YA KUTENDWA

Leo sikuletei shairi wala vitendawili. Nataka tutazame sarufi, lakini sarufi yenye moto ndani yake.

Sisi wanachama hupenda kujiita wakereketwa wa Kiswahili. Je, umewahi kulichambua neno hilo? Latokana na kitenzi kereketa, yaani kuwasha, hasa kooni, kama pilipili ifanyavyo. Mkereketwa basi ni mtu aliyewashwa. Sasa liweke kando ya neno mfuasi, litokanalo na fuata. Mfuasi anatembea kwa miguu yake mwenyewe, na akiona njia ni mbaya atasimama. Mkereketwa yumo katika kauli ya kutendwa. Kuna kinachomwasha, yeye ni kukohoa tu.

Sisemi kwamba ukereketwa wote ni mbaya. Kupenda lugha, chama au dini si kosa. Ubaya huanza hasira inapoingia. Hebu sikiliza tunavyosema: ameshikwa na hasira, amepandwa na mori, amechochewa. Zote ni kutendwa! Wahenga nao walinena kuwa hasira hasara, na irabu moja tu ndiyo inayoyatenganisha maneno hayo mawili.

Aidha, kauli ya kutendwa ina hila moja: yaweza kumficha mtenda. Mathalani, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 husimuliwa hivi: nyumba zilichomwa, watu walifukuzwa, watu 1,133 waliuawa. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa huku akina mama na watoto wamekimbilia humo. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini kila nikisimuliwa nasikia vitenzi tu. Nani alichoma? Nani alimtuma? Tume ya Jaji Philip Waki ilitia majina ya washukiwa kwenye bahasha, na Julai 2009 Kofi Annan akaifikisha kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Baadaye watu sita walitajwa kuwa washukiwa. Kufikia Aprili 2016 kesi zao zote zilikuwa zimekoma, wala hakuna aliyepatikana na hatia. Sentensi ikabaki bila mtenda.

Upande wa dini, mambo ni yayo hayo. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Mashtaka yaliyofikishwa kortini yalidai kwamba waumini walihimizwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mfuasi angeuliza, "Mbona?" Aliyekwisha kuwashwa haulizi.

Labda utaniambia, "Basi mwenye hasira hana makosa, si ameshikwa?" La hasha! Mkono uliowasha kiberiti ni wako, na utajibu wewe. Aliyekupa kiberiti naye ana lake la kujibu, ila mara nyingi yeye yuko kwake amelala.

Wengine ati tuwache mambo ya siasa, sisi ni watoto wa shule. Jamani, wanaopewa mawe barabarani ni wa umri gani kama si wetu? Kwa hivyo akija mwanasiasa au mhubiri akakuwasha koo, fanya kama mwalimu anavyotufunza darasani: geuza sentensi iwe katika kauli ya kutenda kabla hujaokota chochote.

ZOEZI
Geuza sentensi hizi katika kauli ya kutenda. Jibu lisilomtaja mtenda halipati alama.
1. Vijana walilipwa wafunge barabara.
2. Waumini walikatazwa kuuliza maswali.
3. Majirani zetu waliitwa madoadoa.
4. Mimi nimekasirishwa.